Je, Wajua? Inzi wa Ndizi Mbivu, Malale na Ubongo Unaosahau

Ukishuka Ikola, bandari ndogo ya Ziwa Tanganyika mkoani Katavi, inzi utawaona wa namna mbili. Kuna wale wakubwa, wa buluu na kijani, wanaoandama dagaa na migebuka ufukweni. Hao leo hatuna shughuli nao. Wa pili ni wadogo mno, milimita mbili hadi tatu tu, mwili wa kahawia na macho mekundu. Hujazana juu ya ndizi zilizoiva zikapitiliza, au kwenye kikombe cha pombe kilichosahaulika tangu jana. Ukipunga mkono wanatawanyika, ukiushusha wamesharudi.

Jina lake la kitaalamu ni Drosophila melanogaster. Haumi na wala haambukizi malaria. Ila katika maabara za dunia hakuna mdudu aliyechunguzwa kumzidi, na miaka ya karibuni amepewa swali zito: mzee anapoanza kusahau majina ya wanawe, je, ubongo wake unaharibiwa na ugonjwa peke yake, au na kinga yake mwenyewe pia?

Huyu siye mwizi wa maembe

Tumsafishe jina kwanza. Inzi anayewatia hasara wakulima wa maembe ni mwingine kabisa, Bactrocera dorsalis, mkubwa zaidi na mwenye asili ya Asia. Alionekana Kenya mwaka 2003 na kusambaa Afrika kwa kasi. Yule hutoboa tunda likiwa bado mtini na kutaga ndani. Huyu wetu hungoja lioze, kwa sababu anachokifuata ni chachu inayoota juu ya tunda kuliko tunda lenyewe.

Je, wajua kwamba kwao ni miombo?

Vitabu vingi vinaeleza habari za inzi huyu kana kwamba alizaliwa New York. Vinasaba vyake vinasema vingine. Wataalamu walipolinganisha inzi wa mabara yote, waliona kwamba wa kusini na kati mwa Afrika, hasa Zambia na Zimbabwe, ndio wenye vinasaba vilivyotofautiana zaidi. Hiyo ni dalili ya ukoo uliokaa mahali pamoja kwa muda mrefu sana. Waliobaki duniani kote ni wajukuu wa kundi dogo lililotoka Afrika miaka elfu kumi na zaidi iliyopita. Amerika walifika juzi tu, kwa hesabu za ukoo.

Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Marcus Stensmyr wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walichapisha habari za kumfuata hadi porini, katika vilima vya Matopos nchini Zimbabwe. Walimkuta akipenda tunda moja kuliko mengine yote: la mng'ongo. Mapango ya eneo hilo yana mamilioni ya kokwa za mng'ongo zilizoachwa na wawindaji wa kale, na watafiti hao wanadhani ndiko inzi alikozoea kuishi na watu: alifuata matunda pangoni, akanogewa, hakutoka tena.

Mng'ongo huota Tanzania pia, na miombo ya Katavi ni sehemu ya ukanda uleule wa misitu unaoanzia Angola. Profesa wa Ulaya anayeagiza chupa za inzi kwa ajili ya maabara yake, ajue anaagiza mali ya misitu ya huku. Hatudai ushuru, lakini ni vizuri ikajulikana.

Mionzi ya Texas, mbung'o wa Unguja

Mwaka 1910, katika Chuo Kikuu cha Columbia, Thomas Hunt Morgan alipata inzi dume mmoja mwenye macho meupe katikati ya ndugu wenye macho mekundu. Akafuatilia uzao wake, akathibitisha kwamba jeni zimebebwa na kromosomu. Tuzo ya Nobel ikaja mwaka 1933. Mwanafunzi wake Hermann Muller, akiwa Texas, alionyesha mwaka 1927 kwamba eksirei hubadilisha jeni za inzi. Naye akapata Nobel mwaka 1946.

Kazi hiyo ya Muller ina mkia uliofika kwetu. Mionzi inayoharibu mbegu za uzazi za mdudu bila kumuua inaweza kutumika kumaliza kizazi kizima: fuga madume kwa wingi, wapige mionzi, waachie huru, majike wapandwe na kutozaa. Ndivyo mbung'o walivyomalizwa Unguja. Walifugwa katika kituo cha utafiti cha Tanga, na kati ya mwaka 1994 na 1997 madume tasa zaidi ya milioni 8 yalimwagwa kisiwani kutoka kwenye ndege. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996. Ng'ombe wa Unguja hawaugui tena nagana, ugonjwa wa mifugo unaoletwa na mbung'o.

Ubongo mzima umechorwa

Oktoba 2024 kundi la watafiti liitwalo FlyWire, wengi wao kutoka Princeton na Cambridge, lilitoa mchoro kamili wa ubongo wa inzi jike aliyekomaa. Una seli za neva 139,255, na viungio kati yao zaidi ya milioni 50. Binadamu tuna seli za neva zinazokadiriwa kufikia bilioni 86, kwa hiyo mtu anaweza kuuliza inzi atatufundisha nini. Jibu liko kwenye jeni. Orodha ya jeni za inzi ilichapishwa mwaka 2000, na watu walipochukua jeni za binadamu zinazojulikana kuleta maradhi wakazitafuta mle, takriban tatu katika kila nne zilikuwa na mwenza kwa inzi.

Tena inzi anajifunza. Tangu mwaka 1974, maabara ya Seymour Benzer huko California ilionyesha kwamba ukimpa harufu fulani pamoja na mshtuko mdogo wa umeme, baadaye ataikimbia harufu hiyo hata bila umeme. Miaka miwili baadaye walitangaza inzi aliyezaliwa na jeni moja mbovu, asiyeshika somo hilo. Kumbe kusahau kunaweza kupimwa, hata kwa kiumbe asiyejua kusema.

Kinga isiyotaka kurudi nyumbani

Mwiba ukikuingia mguuni na kukatikia humo, kesho yake pamevimba, pamekuwa pekundu, pana joto na panauma. Madaktari huita hali hiyo inflamesheni. Siyo ugonjwa, ni mwili unapigana: damu inaongezeka mahali pale, seli za kinga zinamiminika, zinamwaga kemikali za kuua vijidudu. Mwiba ukitoka, kwa kawaida kila kitu kinatulia.

Ubongo nao una walinzi wake, ambao ni sehemu ya seli ziitwazo glia. Hizi hulisha seli za neva, huzisafishia takataka na kupambana na wavamizi. Tatizo linaanza zisipotulia. Watu wa magharibi mwa Tanzania watanielewa nikisema ni sungusungu walioitwa kumkamata mwizi wa ng'ombe: mwizi keshavuka mto, wao bado wako kijijini na marungu yao, wanagonga mlango mmoja baada ya mwingine. Seli za neva zinazopigwa hivyo kwa miaka hazichipui tena kirahisi.

Alois Alzheimer, daktari wa Kijerumani aliyeueleza mwaka 1906 ugonjwa unaobeba jina lake, aliona katika ubongo wa marehemu mabonge nje ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani yake. Leo tunajua mabonge ni ya protini iitwayo beta-amiloidi, na nyuzi ni za protini ya tau. Aliona pia kwamba glia zimebadilika. Kwa miongo mingi watu walilichukulia hilo kama jivu baada ya moto. Mwaka 2013 mawazo yakageuka: watafiti walikuta kwamba kasoro katika jeni iitwayo TREM2, inayofanya kazi kwenye seli za kinga za ubongo, humwongezea mtu hatari ya kupata Alzheimer. Kinga ilikuwemo kwenye ugonjwa tangu mwanzo.

Inzi alikuwa ametangulia kwenye habari za kinga. Mwaka 1996, Strasbourg nchini Ufaransa, Bruno Lemaitre na wenzake katika maabara ya Jules Hoffmann waliwaambukiza ukungu inzi ambao jeni yao iitwayo Toll ilikuwa imeharibika. Walikufa wakiwa wameota ukungu mwilini. Binadamu naye akakutwa na jeni za jamii hiyohiyo, zinazofanya kazi hiyohiyo ya kupiga kengele mvamizi anapoingia. Hoffmann alipata Nobel mwaka 2011.

Malale, pale kinga inapoua kweli

Kwa mtu wa Ikola, inflamesheni ya ubongo haina haja ya kuelezwa kwa mfano wa mbali. Iko malale.

Pwani za Ziwa Tanganyika zilipata pigo la ugonjwa huu mwanzoni mwa karne ya 20. Wajerumani walijenga kambi za kutenga wagonjwa kando ya ziwa, na Robert Koch, aliyekuja Afrika Mashariki mwaka 1906 kuutafiti, aliwatibu watu katika visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, kwa dawa ya arseniki iitwayo atoxyl, ambayo iliwapofusha baadhi yao. Baadaye Mwingereza akaja na njia nyingine. Miaka ya 1920 na 1930 vijiji vya magharibi mwa Tanganyika vilihamishwa kutoka kwenye pori la mbung'o na watu wakakusanywa mahali pamoja. Waliohama walipoteza mashamba na makaburi ya wazee wao, na pori likachukua nafasi yao. Sehemu ya ukimya wa misitu ya Katavi leo ina asili yake katika amri hizo.

Malale ya Tanzania ni ile ya mashariki mwa Afrika, inayokwenda mbio. Vimelea vyake hukaa kwenye wanyamapori na ng'ombe, na mbung'o huvileta kwa mrina asali, mfugaji, mwindaji au askari wa wanyamapori. Mwanzoni ni homa, kichwa, kidonda mahali alipouma. Baada ya wiki kadhaa vimelea huvuka ukuta unaolinda ubongo. Hapo mgonjwa hulala mchana akakesha usiku, husema ovyo, hukasirika bila sababu, husahau. Jirani asiyejua husema amerogwa au amepatwa na wazimu. Kilichompata ni uvimbe wa ubongo wote.

Sasa angalia dawa yake. Tangu mwaka 1949, malale iliyofika ubongoni ilitibiwa kwa melarsoproli, dawa yenye arseniki inayochoma mshipa inakopita. Karibu mgonjwa mmoja kati ya ishirini alikufa kwa dawa hiyo. Wengi wao walipata degedege na kuzimia siku chache baada ya kuanza matibabu, kwa sababu ubongo ulivimba ghafla, na madaktari waliongeza dawa ya kutuliza kinga ili kupunguza vifo. Mwishoni mwa mwaka 2023, Shirika la Dawa la Ulaya lilipitisha vidonge vya feksinidazoli kwa malale hii ya kwetu, baada ya majaribio yaliyofanyika Malawi na Uganda. Vidonge vya kumeza, siku kumi, basi. Ni habari kubwa kuliko nafasi iliyopewa magazetini.

Mbung'o na inzi wa ndizi ni binamu wa mbali. Jeni za mbung'o zilipochapishwa mwaka 2014, baada ya kazi ya miaka kumi, jeni za inzi wa ndizi zilikuwa msaada mkubwa wa kuzisoma.

Je, inzi anaweza kuugua demensia?

Mwenyewe hapati Alzheimer. Anapewa. Mwaka 2001 timu ya Mel Feany huko Boston iliingiza jeni ya binadamu ya tau kwenye inzi na kuiamuru ifanye kazi kwenye seli za neva tu. Inzi hao walizaliwa wazima, wakazeeka upesi, seli zao za ubongo zikafa, wakafa mapema. Miaka michache baadaye maabara kadhaa zilifanya hivyohivyo kwa beta-amiloidi.

Namna ya kumjua mgonjwa ni rahisi kiasi cha kuchekesha. Inzi huishi katika kichupa cha urefu wa kidole, kimezibwa kwa pamba au sifongo. Chini yake pana uji mgumu wa unga wa mahindi, sukari na hamira, uliogandishwa kwa agari. Kwenye joto la nyuzi 25, yai huwa inzi kamili kwa siku kumi. Siku ya kupima, wanahamishiwa kwenye kichupa kisicho na chakula. Mtafiti anakigonga mezani mara moja, inzi wote wanaanguka chini. Inzi ana silika ya kupanda juu, kwa hiyo vijana wanakimbilia juu ya ukuta wa kioo mara ileile. Wazee wanapanda polepole. Wenye tau wanafika nusu wanaporomoka, wanajaribu tena, wengine wanabaki chini wakitikisa miguu. Mtafiti anahesabu wangapi wamevuka mstari uliochorwa kwa kalamu ndani ya sekunde kumi, anaandika, anagonga tena. Wiki inayofuata anarudia. Baada ya miezi miwili au mitatu uzee wote wa inzi umepita mbele ya macho yake, jambo ambalo kwa panya lingechukua miaka miwili na kwa binadamu themanini.

Dawa nayo huchanganywa kwenye uji ule. Hakuna sindano.

Breki, utumbo na springi

Basi vipi kuhusu kinga? Mwaka 2013, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, timu ya Barry Ganetzky ilieleza habari za inzi waliozaliwa na breki mbovu: jeni iitwayo Dnr1, ambayo kazi yake ni kuzuia kinga isiwake bila sababu, ilikuwa imekufa. Hakukuwa na bakteria wala ukungu. Hata hivyo kinga iliwaka ubongoni, na ubongo ukatoboka matundu. Watafiti wakaenda mbele, wakawadunga inzi wazima bakteria kwenye ubongo; matundu yakatokea vilevile. Kinga yenyewe ilitosha kuharibu.

Mwaka 2017 Petros Ligoxygakis na wenzake wa Oxford walilitazama jambo hilo kutoka upande wa pili. Inzi anapozeeka, hata asiye mgonjwa, kinga ya ubongo wake huzidi kupanda. Walipoituliza kwenye seli za glia, inzi waliishi muda mrefu zaidi na kuendelea kuchangamka uzeeni. Mwaka huohuo watafiti wa Taiwan walionyesha kwamba inzi wenye beta-amiloidi wakipata maambukizi ya utumbo, seli za kinga huelekea ubongoni, na ugonjwa wao huharakishwa. Kwa nchi ambazo kuhara ni ugonjwa wa kila siku, hilo ni swali la kufuatilia kwa watu, ingawa bado ni jibu la inzi tu.

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni cha David Wassarman na wenzake, wa Wisconsin pia. Wamefunga kichupa cha inzi kwenye ncha ya springi. Springi inavutwa, inaachiwa, kichupa kinabamizwa kwenye mto mgumu, inzi wanapata mtikisiko wa ubongo. Kinga inawaka upesi, na wengine hufa ndani ya siku moja. Inzi ambao jeni moja ya kinga imepunguzwa nguvu walinusurika zaidi. Ukifikiria vijana wanaoanguka na bodaboda bila helmeti kati ya Mpanda na vijiji vya ziwani, springi ile haichekeshi tena.

Dawa ziko wapi?

Hapa lazima tuwe wakweli kuliko vichwa vya habari. Hadi leo hakuna dawa ya demensia iliyotoka kwenye kichupa cha inzi ikafika dirisha la famasi. Ziko dawa zilizofanya maajabu kwa inzi. Lithiamu, inayotumika tangu zamani kwa wagonjwa wa akili, ilipewa inzi wenye beta-amiloidi huko London na matokeo kuchapishwa mwaka 2010; walipanda vizuri na kuishi zaidi. Kwa binadamu mambo hayajawa meupe hivyo.

Njia yenyewe ya kutumia inzi si ya kudharau. Ross Cagan, akiwa Marekani, alitumia inzi kuonyesha kwamba vandetanibu hupambana na aina moja ya saratani ya tezi ya shingo, na mwaka 2011 dawa hiyo ikaidhinishwa kwa wagonjwa.

Wapo pia wanaosema: kama tatizo ni inflamesheni, si tuwape wazee dawa za maumivu zinazoituliza? Lilijaribiwa. Wataalamu walikuwa wamegundua kwamba watu wanaomeza dawa hizo miaka mingi kwa ajili ya viungo huonekana kupata Alzheimer kidogo kuliko wengine. Mwaka 2001 Marekani ilianza jaribio la naproksini na selekoksibu kwa wazee zaidi ya 2,500. Lilisimamishwa Desemba 2004 kwa hofu ya madhara ya moyo, na dawa hazikuonyesha kuzuia ugonjwa. Asije mtu akamnunulia bibi yake vidonge vya maumivu dukani kwa sababu amesoma safu hii. Vinaweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo.

Lililojificha ni kwamba kinga ina kazi mbili. Glia ileile inayopiga ndiyo inayosafisha mabonge. Ukiizima yote, takataka zinarundikana, ukiiacha, inachoma. Kinachotafutwa ni dawa ya kugusa upande mmoja tu, na hapo ndipo inzi anapofaa, kwa sababu unaweza kuzima jeni moja katika aina moja ya seli, kwa umri unaoutaka, kisha ukangoja wiki chache uone. Mipaka yake nayo ijulikane: inzi hana kingamwili kama zetu, na glia zake hazifanani sawasawa na seli za kinga za ubongo wa mtu.

Inzi amerudi Afrika Mashariki

Ishaka ni mji mdogo magharibi mwa Uganda, Wilaya ya Bushenyi, penye kampasi ya Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, Sadiq Yusuf aliyekuwa akifundisha hapo, pamoja na Lucia Prieto-Godino na Tom Baden, walianzisha TReND, shirika la kufundisha sayansi ya ubongo kwa kutumia wadudu na kukusanya vifaa ambavyo maabara za Ulaya hazivihitaji tena. Mwaka 2013 hapohapo Ishaka ikafanyika warsha ya kwanza ya DrosAfrica, mpango wa Isabel Palacios na María Dolores Martín-Bermudo wa kuwapa watafiti wa Afrika ujuzi wa inzi. Nigeria nayo ina maabara yake katika Chuo Kikuu cha Ibadan, iliyoasisiwa na Amos Abolaji.

Sababu ya kumchagua inzi si mapenzi. Panya wa maabara anataka chumba maalumu, chakula maalumu na vibali. Inzi anataka unga wa mahindi, ambao hata duka la Ikola linao. Umeme ukikatika siku mbili, panya ni msiba. Inzi, ukimkinga na joto kali, anaendelea kutaga. Chuo chenye hadubini nzuri na jokofu kinaweza kuuliza swali lilelile wanalouliza Oxford. Na kwa kuwa mimea mingi ya tiba ya miombo bado haijapimwa, pana kazi ya kutosha, alimradi mtu asitangaze dawa kwa sababu inzi kumi wamepanda kichupa.

Vijiti vinne vya kiberiti

Demensia si ugonjwa wa wazungu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa nayo, zaidi ya nusu wakiishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hapa Tanzania kazi kubwa ilifanyika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ambako watafiti walipita nyumba kwa nyumba na kuwapima watu 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea. Matokeo ya mwaka 2013 yalionyesha demensia kwa asilimia 6.4 baada ya kurekebisha umri, kiwango kisicho mbali na cha nchi tajiri.

Walikutana na kikwazo ambacho vipimo vya Ulaya havikukifikiria: mzee asiyewahi kushika kalamu huwezi kumwambia achore saa. Kipimo walichokitengeneza, kiitwacho IDEA, kinatumia vijiti vya kiberiti. Mpimaji anapanga vijiti vinne kwa mtindo fulani, anamwambia mzee, "Haya babu, panga kama nilivyopanga." Kisha anamwomba ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, na kukumbuka orodha ya maneno kumi aliyosomewa. Mzee wa Katavi aliyekulia jirani na mbuga angeanza na tembo na kiboko, na pengine mpimaji angechoka kuandika.

Vipimo hivyo vina uzito wa pekee katika mikoa ya magharibi, ambako vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, macho mekundu kwa moshi wa jikoni yakihesabiwa ushahidi. Bibi anayezunguka usiku, anayeongea peke yake, asiyemtambua mjukuu, yuko hatarini kuliko wenzake, na hatari hiyo inamjia kutoka kwa majirani.

Si kila kuchanganyikiwa ni demensia. Kaswende iliyofika ubongoni, virusi vya UKIMWI, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyolegea, damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka: vyote huiga, na vingi vina tiba. Kwa anayeishi kandokando ya pori la mbung'o ongeza malale, hasa kama kuchanganyikiwa kulianza ndani ya wiki chache na kulitanguliwa na homa. Malale ya kwetu huwa na vimelea vingi kwenye damu, kwa hiyo mara nyingi huonekana kwa tone moja chini ya hadubini, ileile inayotumika kupimia malaria. Mwambie mhudumu alipoishi mgonjwa na kama aliingia porini, ili ajue anatafuta nini.